Sufuria ya Shaba Kwenye Avenida

Alfama, 14 Juni 1991

Otília,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, huna hata mafua, maana kumlipizia kisasi mgonjwa hakuna utamu. Mimi sijambo. Magoti yananisumbua kwa hizi ngazi zetu, lakini moyo uko imara. Hasira inautunza vizuri.

Nimeupata mrehani wako. Abílio mumeo aliuacha mlangoni akatoka mbio kama mwizi, mwanamume mzima na kitambi chake. Chungu kizuri, ua jekundu la karatasi, na kibendera chenye ubeti, "Santo António akipita, dada na amsamehe dada." Lo! Uliumiza kichwa kutunga hayo? Basi nikwambie nilichofanya. Kila mtu Lisboa anajua mrehani wa Santo António haunuswi kwa pua. Unaupapasa kwa kiganja, kisha unanusa kiganja, la sivyo unakufa. Mimi nimechomeka pua yangu yote ndani, na unajua pua za ukoo wetu zilivyo. Nimeunusa asubuhi na mchana, na kabla ya kulala nikaunusa tena. Leo umeanza kunyauka. Kesho nautupa kwa paka wa Dona Zulmira.

Mwaka umetimia. Mama alikufa tarehe kumi na moja, tukamzika tarehe kumi na mbili mchana. Wewe ukafika makaburini tumeshamaliza, poda usoni, na sketi ya gwaride inachungulia chini ya koti jeusi. Sketi ya kijani, Otília! Jioni ile ile ukashuka barabara kuu ya Avenida kwenye gwaride la mitaa na kikundi chako cha Ribeira Funda, tao la taa za karatasi begani, unaimba. Zulmira jirani alikuona kwenye televisheni yake akaja kuniita. Niliyaona meno yako yote. Mama hajapoa kaburini, na bintiye anaonyesha meno.

Sasa nisikilize. Sitakupiga na sitakuloga. Nitakuaibisha mbele ya mji mzima, pale pale Avenida, mbele ya watu wale wale uliowaimbia. Sijui lini, lakini siku hiyo utanikumbuka.

Usipige simu. Nikisikia sauti yako nakata, kama nilivyokata zile nyingine.

Aliyekuwa dada yako,
Felismina


Ribeira Funda, 2 Julai 1991

Dada Felismina,

Salamu zako nimezipokea, zimenichoma kama sadini juu ya mkaa. Sisi huku wazima. Abílio anasema hakukimbia, alikuwa anawahi tramu. Mwongo huyo, alikimbia, hata mimi ningekimbia.

Pole ya mrehani. Umemwua kiumbe wa Mungu asiyekukosea, ndiyo desturi yako.

Umesema yako, nami nina yangu. Nilichelewa kwa sababu habari ya saa ya maziko uliituma kwa kinyozi wa Abílio, naye akaikumbuka akiwa amemaliza vichwa viwili na ndevu moja. Una simu ndani ya nyumba, dada! Nilipanda kilima kile cha makaburi nikikimbia. Niliona jeneza bado liko wazi. Niliona wachimba kaburi wanakutazama, wanangoja neno. Nawe ulinigeukia, ukaniona vizuri kabisa, kisha ukawaambia, "Fungeni." Sikuuona uso wa mama. Hiyo sketi ya kijani ndiyo iliyokuuma, lakini nani aliishona? Mama aliishona, kitandani, akiwa na oksijeni puani, na akaniambia nikiweka tao chini kwa ajili yake atanitokea ndotoni anitandike.

Nilikuomba kitu kimoja tu cha mama, ile sufuria ya shaba aliyokuwa akiigonga dirishani kwa mwiko kutuita kula. Ukasema imepotea. Dada, imepotea jikoni kwako, inaning'inia juu ya jiko. Abílio aliiona mlango ulipokuwa wazi. Macho anayo, hata kama miguu ni ya mwoga.

Niaibishe basi. Nakungoja.

Mdogo wako, utake usitake,
Otília


Ribeira Funda, 20 Januari 1992

Dada Felismina,

Nakusalimu kwa heri ya mwaka mpya, na najua utaisoma barua hii umesimama ili usinipe heshima ya kukaa. Baridi ya mwaka huu imetupiga, ukuta wa chumbani unalia maji. Magoti yako yako vipi? Nauliza kwa kweli.

Sitazunguka. Nina shida, na mwenye dawa ni wewe.

Unajua mimi ndiye mkufunzi wa kikundi, filimbi iko shingoni mwangu mwaka wa saba huu. Sasa waamuzi wa gwaride wametangaza kwamba Juni hii kila mtaa uimbe habari yake ya kweli ya tetemeko kuu la 1755. Ya kweli, wamesisitiza, na yupo profesa mezani wa kuipima. Alfama mna habari tele. Sisi Ribeira Funda tuna nini? Senhor Custódio, mwenyekiti wetu, amechimbua habari ya kisima kilichokauka. Kisima! Nani atacheza kisima? Na Eulália, yule mwenye kidevu, anapita nyumba kwa nyumba akisema nimezeeka mno kushika filimbi. Nisipoleta kitu kizuri wananivua.

Mama aliuza mishumaa mlangoni pa kanisa miaka yote ile, na hadithi za mji zilimtoka mdomoni kwa wingi kuliko mishumaa ilivyomtoka mkononi. Wewe uliketi naye. Mimi nilikuwa ngazini nacheza. Hadithi zote ziko kichwani mwako, dada. Nipe moja ya upande wetu.

Ukikataa nitaelewa. Lakini ujue kikundi hiki ndicho kitu pekee ninachokijua vizuri duniani.

Mdogo wako,
Otília


Alfama, 15 Februari 1992

Otília mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa na furaha na afya, na nikikuombea wewe na Abílio vivyo hivyo. Magoti hayajambo, asante kwa kuuliza. Tumezeeka, kununa hakutusaidii. Nimekaa kitini kuisoma barua yako.

Hadithi ninayo. Mama alinipa siku moja tulipokuwa pale Carmo, ndani ya kanisa lile lisilo na paa, tumekula mkate tukitazama mawingu. Alisema hii si ya wapita njia.

Ilikuwa asubuhi ya Watakatifu Wote, mishumaa inawaka makanisani, ndiyo hiyo iliyouunguza mji baadaye. Ardhi ikatikisika. Waliopona wakakimbilia mtoni wakidhani kule uwazini ni salama. Mto Tejo ukarudi nyuma, matope yakabaki wazi, meli kuukuu zimelala ubavu, na watu wapumbavu wakashuka kutazama maajabu. Hapo Ribeira Funda palikuwa na mwanamke muuza samaki, Brites Caldeira, mjane, mdomo mpana, hakuna aliyempenda. Yeye peke yake aliona maji hayawezi kuondoka bila kurudi. Alipiga kelele, hawakumsikiliza, si wamezoea kelele zake? Basi akaingia ndani, akachukua sufuria ya shaba na mwiko, akapanda ngazi za mtaa wenu akiigonga. Watoto wakamfuata kwanza, maana walidhani chakula kiko tayari. Mama zao wakawafuata watoto, na waume wakawafuata wake zao wakitukana. Walipofika juu kabisa, mawimbi yakaja yakafagia chini kote. Mtaa mzima ukapona kwa sufuria.

Hiyo ndiyo habari, nami nakupa kwa moyo mweupe. Mwambie Custódio wako iko katika vitabu vya parokia. Hatakwenda kutazama, wenyeviti huwa hawatazami.

Dada yako mpenzi,
Felismina


Ribeira Funda, 3 Mei 1992

Dada Felismina,

Salamu kutoka nyumba iliyojaa vitambaa, mpaka kitandani tunalala na shanga. Tu wazima, ila Abílio amechomwa na sindano aliyoikalia, na ameugulia kwa sauti kubwa kuliko mama anayejifungua.

Brites wako amewashika. Custódio alilia. Alikuwa amelewa kidogo, lakini alilia. Kisima kimezikwa. Eulália amenyamaza, kidevu kimeshuka. Tumenunua sufuria kwenye soko la vitu vikuukuu, wanawake wote wa kikundi kila mmoja na yake, na waume watatufuata nyuma wakiwa na matao ya mawimbi ya buluu. Wazee wa mtaa wameanza kusema waliwasikia bibi zao wakimtaja Brites. Wamemtaja wapi, sijui, lakini wanaapa.

Kitu kimoja hukukisema. Hukusema aligongaje. Sufuria haigongwi ovyo tu, lazima iwe na mwendo wake, la sivyo ni fujo. Nimeutafuta mwenyewe na nimeupata.

Siku ya gwaride uje Avenida. Sikulazimishi.

Mdogo wako,
Otília


Alfama, 11 Juni 1992

Otília,

Leo ni siku aliyokufa mama. Mimi mzima, tena mzima kuliko siku zote. Barua hii analeta Zulmira kwa mkono wake, nimemwambia asiondoke mpaka uifungue. Mwangalie usoni, ataniletea habari za uso wako.

Hakuna Brites Caldeira. Hajazaliwa. Hakuna sufuria, hakuna watoto waliofuata, na pale Carmo mama hakuniambia kitu, tulikula mkate tukarudi nyumbani. Nilimtunga nikiwa namenya viazi. Nilikutungia wewe, mdogo wangu, mpaka na mdomo mpana nilimwekea.

Jana nimemwandikia yule profesa wa meza ya waamuzi. Nimemweleza kwa adabu kwamba Ribeira Funda wanaleta mwanamke wa uongo, na kwamba vitabu vya parokia havimjui. Amenijibu leo hii kwa simu, sauti nzuri sana, akanishukuru mara mbili.

Sasa kesho shuka Avenida. Huna muda wa kurudi kisimani, nguo zimeshashonwa, wimbo umeshakaririwa. Shuka na sufuria zako ukijua. Imba ukijua. Onyesha meno. Na ukiwa unaimba, ukumbuke ilivyokuwa kusimama makaburini peke yangu, mtoto mmoja kwa mama wa watoto wawili, watu wananong'ona mdogo wake yuko wapi. Ukijitoa kwenye hilo gwaride, watu wako watajua umewadanganya. Usipojitoa, watajua vile vile. Nimekufungia milango yote miwili, nami nimeifurahia kazi hiyo, Santo António anisamehe, sijafurahi hivi tangu mazishi.

Aliyekuwa dada yako,
Felismina


Ribeira Funda, 15 Juni 1992

Dada,

Sijui nikusalimu vipi, kwa hiyo nakusalimu kama kawaida. Hujambo? Mimi sijambo. Abílio naye hajambo, ingawa pale baa wamemwita Senhor Brites siku tatu sasa.

Umeshinda. Nakuandikia uweke kwenye fremu. Sehemu ya ukweli wa habari profesa alitupa sifuri, tukawa wa mwisho. Custódio alinifuata mpaka kwenye basi la kikundi, akanyoosha mkono, nami nikaivua filimbi nikampa. Yuko nayo Eulália. Dukani watu wananipa mgongo, hata yule wa mikate. Naanza kununua mkate mtaa wa juu. Ulitaka niaibike mbele ya mji mzima, na nimeaibika, kazi yako safi.

Lakini Zulmira alikwambia nini juu ya uso wangu? Alikwambia nilicheka? Kama hakukwambia, amekuficha.

Dada, nilijua tangu Februari. Niliposoma "Dada yako mpenzi" nikamwambia Abílio, huyu ananiua. Tangu tuzaliwe hujaniita mpenzi, hata nilipokuwa na homa ya mapafu. Nikarudi juu kuisoma tena, nikafika kwenye sufuria ya shaba na watoto wanaodhani chakula kiko tayari. Nikaiweka barua chini. Felismina, wewe huwezi hata kutunga uongo bila mama kuingia ndani yake! Mjane, muuzaji, mdomo mpana. Ulidhani umeniweka mimi humo? Mimi nauza nini?

Kisima cha Custódio kilikuwa bado kipo. Ningeweza kukirudia, filimbi ningekuwa nayo leo. Nilikaa nacho wiki nzima kichwani, kisima mkono huu, mama mkono huu. Nikachagua.

Kwa hiyo niliwafundisha. Mara tatu, nafasi, halafu moja. Ta-ta-ta, ta, ile ya mama dirishani. Waliniuliza kwa nini hivyo, nikawaambia Brites ndivyo alivyogonga. Miezi mitatu niliwafundisha mpaka viganja vikaota malengelenge. Na tulipoingia Avenida, taa zote zimewaka, watu wamejaa mpaka juu ya miti, nilipiga filimbi nikawaambia acheni kuimba, gongeni tu. Wanawake wote kwa pamoja, mara tatu, halafu moja, kutoka juu mpaka chini ya Avenida. Hukuniachia nimzike, basi nilimtembeza. Mji mzima ulisimama kumpisha, na hakuna hata mmoja aliyejua ni nani isipokuwa mimi. Na wewe, kama ulikuwepo.

Umenilipa kisasi kwa mama, nami nimekulipa kisasi kwa mama huyo huyo. Sasa sina filimbi, sina mtaa, na sikudai tena. Sufuria baki nayo.

Mdogo wako,
Otília


Alfama, 9 Julai 1992

Otília,

Sikuulizi hali. Zulmira amekuona mtaa wa juu ukinunua mkate, anasema umekonda. Mimi magoti yamevimba, na nitakwambia kwa nini.

Nilikuwepo. Usijipe kichwa, sikuja kukutazama ukiimba. Nilikuja kukuona unaanguka. Nilibeba kiti changu cha kukunja na karanga ndani ya mkoba, kama mtu anayekwenda sinema, nikakaa mbele kabisa na nguo zangu nyeusi. Nilimwambia mama mmoja jirani yangu, sasa tazama, kikundi kinachokuja kitachekesha. Nilikuwa na raha, Otília. Karanga zilikuwa tamu.

Halafu mkanyamaza. Halafu ikaja ile.

Nilisimama. Sikuamua kusimama, nilijikuta nimesimama, karanga zote chini, nafuta mikono kwenye aproni ambayo sikuivaa. Na nikaitika. Kwa sauti, mbele za watu, mwanamke wa miaka hamsini na nane. Nilisema, "Tunakuja, Mama!"

Yule mama jirani akacheka, akaniuliza tunakuja nani na nani. Nilibaki nimesimama mpaka kikundi chako kikapita chote na kingine baada yake, watu wa nyuma wakinitukana nikae chini nisiwazibe. Ndiyo maana magoti yamevimba.

Nimekukasirikia wiki hizi zote kuliko mwaka jana. Niliandaa kisasi kizuri, nilikipika taratibu, nawe ukakila chote ukaniachia sahani ya kuosha. Hiyo nayo ni tabia yako tangu utotoni.

Jambo moja usijidanganye, sijakusamehe ile sketi. Na lile neno nililowaambia wachimba kaburi silirudishi, nililisema nikijua.

Sufuria ninayo. Sikupi. Ila Jumapili, supu ya kabichi ikiwa tayari, nitafungua dirisha la upande wa ngazi na nitaigonga. Mara tatu, halafu moja. Sitakuita jina wala sitaigonga tena. Ribeira Funda ni mbali, kutoka huko huwezi kusikia, kwa hiyo uwe umeshafika chini ya dirisha. Abílio akija akae mbali na mlango, nisimwone anakimbia. Supu itakuwa na chumvi nyingi, na ni kusudi.

Dada yako, bila mpenzi,
Felismina